Soul food ya Chicago Kusini: anza na mboga, kuku atakungoja

Kuku wa kukaanga hawezi kukuambia mengi kuhusu mgahawa wa soul food, yaani chakula cha jadi cha Wamarekani Weusi. Mafuta yakishapata moto na unga ukiwa na chumvi yake, kuku atatoka vizuri hata mikononi mwa kijana aliyeajiriwa juzi. Mboga ndiyo inayosema kweli. Ukiingia popote Chicago Kusini wanapouza chakula hicho, agiza kwanza collard greens, onja na mchuzi wake, ndipo uamue kama utavuta kiti au utaaga.

Nawaandikia Waswahili wenzangu mlioko huku na mnaokuja, hasa mliochoka kupelekwa kula pizza nene kila mgeni anapofika. Mimi ni mtu wa Tanga, kazi yangu kuhudumia wazee majumbani, na migahawa ninayoisema ni ile unayoingia na sare ya kazi na raba zako miguuni bila mtu kukukodolea. Soul food ya vitambaa vya meza ipo pia. Erick Williams, mpishi wa Virtue, pale Hyde Park, alipata tuzo ya James Beard, ile kubwa ya wapishi wa Marekani, mwaka 2022, na anastahili. Lakini hiyo ni ya siku umealikwa na mwenye pesa.

Turudi kwenye mboga. Collard ni jamaa wa damu wa sukuma wiki, jani pana, nene, lenye uti mgumu. Kinachotenganisha ni muda. Sisi tunakata nyembamba, kitunguu, nyanya, vuruga kidogo, epua ikiwa bado kijani. Wao hupasua majani kwa mikono, hutoa uti, huosha maji baada ya maji mpaka mchanga uishe, kisha hutumbukiza kwenye supu ya nyama iliyokaushwa kwa moshi na kuacha jiko lifanye kazi saa nzima, saa mbili, hata zaidi. Inatoka na rangi ya sare za jeshi, laini, na chini yake umekaa mchuzi mzito wenye siki, pilipili na moshi. Mtu wa pwani akiiona mara ya kwanza atasema imepikwa ikafa. Subiri. Utamu wote umehamia kwenye ule mchuzi, wenyewe wanauita potlikker, na mkate wa mahindi unaoletwa pembeni kazi yake ni kuchovya humo. Asiyechovya amekula nusu.

Bibi mmoja ninayemhudumia alizaliwa Mississippi, akaletwa Chicago na mama yake angali mdogo. Siku nikimpelekea chakula cha kununua, hanisalimu kwanza. Anafunua kontena, anainamisha pembeni kuangalia. "Mwanangu, wamekupa mchuzi?" Kama hamna, anasukuma mbele yangu: "Basi wamekuuzia majani. Kula wewe." Kuku hamgusi mpaka mboga iwe imefaulu. Hukumu hii ya mboga nimeipata kwake, na sijaona mgahawa ulioipinga.

Safari kama yake waliifanya wengi. Kati ya mwaka 1916 na 1970 Weusi wapatao milioni 6 walihama majimbo ya Kusini kwenda kaskazini na magharibi, wakikimbia ubaguzi, kunyongwa, na kilimo cha pamba ambacho deni halikuisha. Wa Mississippi wengi walipanda treni ya Illinois Central moja kwa moja hadi Chicago. Walibeba kuku wa kukaanga na keki kwenye maboksi ya viatu, kwa sababu behewa la chakula halikuwa lao au waliwekewa pazia wakae nyuma yake. Ndiyo maana soul food ya hapa ina ladha ya Mississippi zaidi kuliko ya Carolina au Louisiana. Ukipata gumbo nzuri, ule mchuzi mzito wa Louisiana, hapa Chicago mshukuru Mungu, lakini usije mjini kwa ajili yake.

Sasa suala ambalo najua wengi wenu mnalingoja: nguruwe. Kwa jadi, ile nyama ya moshi ndani ya mboga ni kongoro au shingo ya nguruwe. Kunde vilevile, maharage vilevile, na kabichi usiiamini kwa sababu tu ni nyeupe. Siku hizi migahawa mingi imehamia kwenye bata mzinga wa moshi, wengine kwa ajili ya presha za wateja wao, wengine kwa sababu Waislamu Weusi wa mji huu ni wengi na wana uzito. Makao makuu ya Nation of Islam, jumuiya ya Kiislamu ya Wamarekani Weusi, yako hapahapa upande wa kusini, na Elijah Muhammad, kiongozi wao wa zamani, aliwapiga marufuku wafuasi wake si nguruwe tu, bali hata kunde na viazi vitamu. Nguruwe nilimwelewa. Kunde? Mtu wa Tanga aambiwe kunde hazifai! Hapo nilinyamaza kwa heshima.

Kwa hiyo uliza. Kila mahali, kila mara, hata kama wiki iliyopita walikujibu, maana wapishi hubadilika na bei ya bata mzinga hupanda. Uliza hivi: ndani ya mboga mmetia nyama gani? Usiulize kama kuna nguruwe, kwa sababu aliye na haraka atakujibu hapana ili foleni isogee. Kuhusu kuku kachinjwa na nani, kila mtu na fatwa yake, mimi sitoi.

Asiyetaka kuuliza aende moja kwa moja barabara ya 75, mashariki kidogo ya State Street, penye Soul Veg City. Wazee bado wanaita Soul Vegetarian. Walioanzisha ni watu wa African Hebrew Israelites, jumuiya ya Weusi wanaojihesabu kizazi cha Waisraeli wa kale, na hawatumii nyama, maziwa wala yai. Nilikwenda nikiwa na kiburi cha mtu anayejua kwamba mboga bila moshi ni dawa ya minyoo. Mboga yao ni safi, haijapondeka, ina kitunguu na pilipili za kutosha, na mchuzi upo, ingawa ni mwepesi. Nikiilinganisha na ile ya bata mzinga, naipa nafasi ya pili, lakini ni ya pili iliyo karibu sana. Makaroni ya jibini isiyo na jibini ndiyo iliyonishangaza zaidi, kwa sababu juu yake palikuwa na ule ukoko wa kuokwa ambao wenye jibini halisi wengi hawaupati. Wanayo pia kitu cha ngano kilichosokotwa na kupakwa sosi ya barbekyu, kinatafunika kama nyama ya shingo. Mlaji nyama atakimaliza kwanza, maswali baadaye.

Kipande hiki cha barabara ya 75 kinastahili kutembelewa kwa miguu. Basi namba 3 la King Drive linakushusha katikati yake. Lem's Bar-B-Q iko mkono wa karibu, kazi ya ndugu wa ukoo wa Lemons kutoka Indianola, Mississippi, walioanza biashara mwaka 1954. Wanachoma kwenye tanuri la vioo linalofanana na tangi la samaki, kuni chini, nyama juu, moshi ukizunguka ndani ukiuona. Hapo ni mbavu za nguruwe na zile ncha zake zenye mifupa laini, basi mimi nanusa na kupita. Mwenzangu wa kazini, Mkongo wa Uvira, ndiye anayenipa ripoti, na ripoti yake hutolewa akiwa na sosi mpaka kwenye kiwiko. Anasema kosa ni kula ndani ya gari ukiwa na shati jeupe. Hakuna viti, unafungiwa unaondoka.

Ng'ambo kidogo ndipo ilipokuwa Army & Lou's, iliyofunguliwa mwaka 1945 na kufungwa 2011. Harold Washington, meya wa kwanza Mweusi wa Chicago, alikuwa mteja wake wa kudumu. Sikuwahi kula pale, na yule bibi ninayemhudumia hanisamehe kwa hilo kana kwamba nilichelewa kwa makusudi. Mwaka huohuo Izola's ya barabara ya 79 nayo ilifunga. Biashara hii ni ngumu: chakula kinachotaka saa nyingi jikoni, wateja wasiotaka bei ipande, na watoto wa wenye mgahawa waliosoma wakawa wahasibu. Sahani ya nyama moja na vya pembeni viwili siku hizi hesabu dola 15 hadi 20 na ushee, kabla ya kodi. Watu wananung'unika. Mimi nikikumbuka kuosha majani yale maji baada ya maji, nalipa.

Upande wa magharibi wa mji, Madison Street kwenye mtaa wa Austin, kuna MacArthur's. Hapa unachukua trei, unajipanga, chakula kiko mbele yako kwenye sinia za bati zinazofuka mvuke, na akina mama wenye nyavu za nywele wanakupakulia. Napenda mfumo huu kuliko menyu yoyote, kwa sababu macho yanafanya kazi kabla ya mfuko. Unaona kama makaroni imekauka pembeni. Unaona kama mboga inaogelea au imekwama. Unaona sinia ipi imetoka jikoni sasa hivi, na hiyo ndiyo unayoinyooshea kidole, si ile uliyopanga kuila tangu nyumbani. Wenyeji hufika na mpango mmoja wakabadili mbele ya kaunta, na foleni nzima inachangia ushauri. Mzee mmoja nyuma yangu aliniambia, bila kuulizwa, nisichukue wali bali dressing. Dressing ni mkate wa mahindi uliovunjwavunjwa, ukachanganywa na supu, kitunguu, selari na majani ya sage, kisha ukaokwa tena. Pamoja na bawa la bata mzinga lililopikwa mpaka linaachia mfupa, na mchuzi mzito juu yake, hicho ni chakula cha kumlaza mtu mchana. Nilimshukuru mzee. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania, akamgeukia mama wa kaunta: "Mwongeze huyu, amesafiri mbali." Na kweli nikaongezewa.

Viazi vitamu vya pale vinaogelea kwenye siagi, sukari ya kahawia, mdalasini na kungumanga. Msidhani ni kitindamlo, vinakaa sahani moja na nyama. Mwanzoni ulimi hukataa. Dawa yake ni kuvila pamoja na kijiko cha mboga yenye siki, kimoja kinamtuliza mwenzake. Tatizo langu na MacArthur's ni chumvi. Mchuzi wa nyama una chumvi ya kumwita daktari, na mwenye presha aagize uwekwe pembeni.

Kwa kifungua kinywa, au kama unataka kuketi na kuletewa, nenda Pearl's Place, Bronzeville, kwenye kona ya Michigan Avenue na Pershing. Kinachonipeleka ni kababu za samaki, wao wanaziita salmon croquettes, na zinakuja na grits. Grits ni chenga za mahindi meupe zilizopikwa zikawa katikati ya uji na ugali. Msizililie ugali wenu, hazimegeki. Tia siagi, chumvi, na pilipili ya chupa. Wapo watiao sukari, na mezani kwa Wamarekani Weusi jambo hilo linaweza kuvunja undugu, basi mgeni usichague upande kwa sauti. Kababu zenyewe ni za samaki aliyepondwa, kitunguu na unga kidogo, zikakaangwa hadi ganda likawa kahawia. Mtu wa Tanga hahitaji maelezo zaidi. Huduma ni ya polepole Jumapili watu wakitoka kanisani, na bakshishi ni juu yako, asilimia 18 hadi 20 ndiyo adabu ya huku.

Si kote kulikuwa kuzuri. Kuna mgahawa mmoja, sitautaja, niliuliza vizuri swali langu la nyama gani, nikajibiwa bata mzinga. Kijiko cha tatu nikakutana na kipande cha ngozi ya waridi ambayo haijawahi kuwa ya ndege yeyote. Nilipoirudisha, msichana wa kaunta akasema labda kijiko cha kupakulia kimechanganya masufuria. Labda. Lakini hata kabla ya hapo mboga ilikuwa imeshajishtaki: tamu. Walitia sukari badala ya muda. Ndiyo njia ya mkato inayotumika sana sasa, kuficha uchungu wa jani lililopikwa haraka, na ukiionja utaitambua daima, kwa sababu utamu unafika kwanza na moshi haufiki kabisa. Mkate wao wa mahindi nao ulikuwa keki. Yule bibi wa Mississippi ana msimamo mkali hapa, kwamba mkate wa mahindi wenye sukari ni wa watoto, na ingawa migahawa mingi ya Chicago inautia sukari kidogo na mimi siukatai, ule ulikuwa wa kupambiwa mishumaa. Pesa walirudisha. Sikurudi.

Na kuku? Haya, kuku. Harold's Chicken, iliyoanzishwa na Harold Pierce mwaka 1950, ina matawi mengi yenye namba, na alama ya mpishi anayemfukuza kuku kwa shoka. Kila mkazi wa kusini atakuapia kwamba tawi lake ndilo lenye kuku wa kweli na mengine ni uigizaji. Wana haki, maana matawi hayafanani, kila moja lina mwenyewe. Kwa jadi mafuta yao ni mchanganyiko wa mafuta ya ng'ombe na ya mimea, na kuku anaingia ukishaagiza, kwa hiyo utasubiri. Anakuja juu ya chipsi, na vipande vya mkate mweupe, na kikopo kidogo cha kabichi. Mwagiwe mild sauce, sosi nyekundu iliyo kati ya tomato sosi, barbekyu na pilipili, ambayo nje ya Chicago watu hawaijui na ndani ya Chicago watu hawaishi bila yake. Itaulowesha mkate wa chini, na huo mkate ndio mwisho mtamu. Mwambie muuzaji amkaange sana, la sivyo baadhi ya matawi humtoa laini.

Neno kwa wageni: maeneo mengi ya kuchukua na kuondoka yana kioo kinene cha kuzuia risasi kati yako na jikoni, na chakula kinapita kwenye kisanduku kinachozunguka. Ndugu yangu aliyetoka Dar aliona kioo akataka tuondoke. Nikamwambia asome foleni, siyo kioo: palikuwa na mama na watoto wake watatu, dereva wa basi, na nesi aliyetoka zamu. Alikula vipande sita.

Ya utamu nimeyaacha mwisho kwa sababu tumbo nalo huyaacha mwisho. Brown Sugar Bakery, barabara ya 75 hiyohiyo, ni ya Stephanie Hart, na keki yake ya karameli ndiyo inayopangiwa foleni. Kamala Harris akiwa makamu wa rais alipita hapo Aprili 2021, akachukua ya German chocolate, uamuzi ninaouheshimu bila kuukubali. Karameli ile ya juu ni ya kupikwa, siyo ya kukorogwa, inavunjika kidogo jino likiingia halafu inayeyuka. Kipande kimoja kinatosha watu wawili wenye busara. Mtu wa chai ya rangi isiyo na sukari ndiye atakayeifaidi, soda itakuua.

Pai ya maharage ndiyo mbadala wangu. Huhitaji mgahawa: kwenye taa za barabarani upande wa kusini utaona vijana wa Nation of Islam, suti iliyonyooshwa na tai ya kipepeo, juani au barafuni, wana gazeti mkono mmoja na pai mkono wa pili. Teremsha kioo. Ndani ni maharage meupe madogo yaliyopondwa na maziwa, mayai, sukari na mdalasini, na asiyeambiwa atadhani ni boga. Watakuita "dada" au "kaka", watakushukuru, na taa ikiwa ya kijani chenji utaidai taa ijayo, basi uwe na noti ndogo tayari.